Kimelea Kilichohamisha Vijiji

Ukishuka kutoka Bwera kwenda Katwe, magharibi mwa Uganda, watu watakwambia pori lile ni la wanyama tangu zamani. Si kweli, na mimi niliyezeekea kwenye darubini za maabara siwezi kulinyamazia. Palikuwa na vijiji vya wavuvi na malisho ya wafugaji Wasongora. Sotoka ya miaka ya 1890 ilimaliza ng'ombe, vichaka vikaota malishoni, mbung'o wakapata kivuli. Kisha yakaja malale. Mwaka 1903, kule Entebbe, daktari David Bruce alionyesha kwamba mbung'o ndio waenezaji. Gavana Hesketh Bell akaamuru watu waondolewe kando ya Ziwa Victoria, na baadaye uhamisho kama huo ukatufikia sisi wa Ziwa Edward na Ziwa George. Ardhi iliyoachwa ikageuzwa mapori ya akiba, 1952 ikawa Hifadhi ya Taifa ya Kazinga, na 1954 ikapewa jina la Malkia Elizabeth.

Kilichowang'oa wazee wetu ni kimelea cha malale, chenye urefu wa sehemu 20 hivi kati ya elfu moja za milimita, na mkia mmoja. Mkia huo umeundwa kama silia zinazosukuma makohozi kooni mwetu: jozi tisa za mirija zikizunguka mirija miwili ya katikati. Mwili ukikibandika kingamwili, chenyewe huogelea tu. Kikienda mbele, majimaji yanayopita juu ya ngozi yake huzisukuma kingamwili hadi nyuma, kwenye kifuko unamochipuka mkia. Humo humezwa, zikapelekwa kwenye laisosomu, kinu cha ndani ya seli, na kusagwa. Mtafiti Markus Engstler na wenzake walilieleza jambo hili mwaka 2007. Mkia unapeleka, kinu kinasaga. Mkia ukipooza, kimelea hakiwezi tena kujisafisha hivyo.

Kimelea kina kinu kingine, proteasomu, kinachovunja protini zake chenyewe zilizochakaa. Mwaka 2016 watafiti walitangaza kemikali inayoziba proteasomu ya vimelea hivi bila kuiziba ya mamalia, na panya waliougua walipona. Nalifuatilia jambo hili kwa moyo wote, maana malale hayajaisha kabisa. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilithibitisha kwamba malale ya aina ya gambiense si tishio tena kwa afya ya umma Uganda, lakini ile ya rhodesiense hujificha ndani ya ng'ombe na wanyamapori.

Siku hizi nawaomba wajukuu wa waliohamishwa, Katwe, Kahendero na Hamukungu, wanitajie majina ya vijiji vya babu zao. Nayaandika yote, hata yale wanayobishania.