Nani Alilipia Swali?

Mwezi uliopita rafiki yangu aliniomba nimsomee ombi lake la ufadhili. Anasomea uzamili wa elimu, na alitaka pesa za kutafiti kwa nini vijana wanaacha chuo. Nadhani alinitafuta kwa sababu mbili: mimi huandika kwa malipo, na mimi mwenyewe niliacha chuo mwaka wa tatu. Yaani alipata mhariri na sampuli kwa bei ya chapo mbili na maharagwe.

Rasimu ya kwanza ilikuwa na swali safi. Ni karo? Ni njaa? Ama masomo yenyewe hayaeleweki yanaenda wapi? Kufika rasimu ya nne, swali lilikuwa limegeuka: mafunzo ya ujasiriamali yanawezaje kuwabakisha vijana chuoni? Nikamuuliza ujasiriamali umetoka wapi. Akacheka. "Umetoka kwa tangazo, buda. Ndicho mfadhili anataka."

Mimi sikucheka sana. Niliacha chuo kwa sababu ya karo, na hapo karo ilikuwa imefutwa kwenye swali. Lakini mchezo huu haukuanza na sisi. Una miaka 100, na ulichezewa Kabete.

Mwaka 1924 ilifika Afrika Mashariki tume ya watafiti kuchunguza elimu ya Waafrika. Ilitumwa na Mfuko wa Phelps-Stokes wa New York, ulioanzishwa mwaka 1911 kwa pesa za urithi wa Caroline Phelps Stokes, na serikali ya Uingereza ikaipa baraka. Kiongozi wake alikuwa Thomas Jesse Jones, mzaliwa wa Wales aliyewahi kufundisha Hampton, shule ya Wamarekani weusi huko Virginia iliyosifika kwa kazi za mikono. Ndani ya tume mlikuwa na Mwafrika mmoja tu, James Aggrey kutoka Gold Coast, ambayo leo ni Ghana.

Jones hakuja na daftari tupu. Mwaka 1917 alikuwa ametoa ripoti kubwa kuhusu shule za watu weusi Marekani, akisisitiza ukulima na ufundi. W. E. B. Du Bois aliipinga hadharani, akiona kwamba inawafungia watu wake mlango wa elimu ya juu. Miaka saba baadaye, fikra ileile ilipanda meli ikaja kwetu.

Sasa fuata pesa. Mwaka 1907 Anna T. Jeanes wa Philadelphia alikuwa ametoa dola milioni 1 kusaidia shule za vijijini za watu weusi kusini mwa Marekani. Walimu waliolipwa na mfuko huo walizunguka shule ndogondogo wakifundisha usafi, bustani na ushonaji. Mwenyekiti wa mfuko huo, James Dillard, alikuwa mwanachama wa tume ya 1924. Na tume ilipendekeza nini? Walimu wa mtindo wa Jeanes.

Ripoti ilitoka 1925. Mwaka huohuo Shule ya Jeanes ikafunguliwa Kabete kwa msaada wa Shirika la Carnegie la New York. Mkuu wake wa kwanza alikuwa J. W. C. Dougall, aliyekuwa katibu wa tume yenyewe. Utafiti, pendekezo, pesa na kazi, vyote ndani ya chumba kimoja.

Sisemi walikuwa wezi. Choo safi na shamba zuri si matusi, na walimu waliopitia Kabete pamoja na wake zao walifanya kazi ya maana vijijini. Shida iko kwa swali. Tume iliuliza elimu gani inamfaa Mwafrika wa kijijini. Wazee wengi wa wakati huo walikuwa na swali lingine: mbona mtoto wangu asifundishwe Kiingereza na kupewa cheti kama cha mzungu? Swali hilo halikuwa na mfadhili.

Basi watu wakajifadhili. Mbiyu Koinange alienda Marekani mwaka 1927 na akasoma Hampton, palepale alipowahi kufundisha Jones, lakini hakuishia kwenye jembe. Aliendelea hadi shahada ya uzamili katika Chuo Kikuu cha Columbia. Aliporudi, mwaka 1939 akafungua chuo cha walimu Githunguri, kikitegemea michango ya wananchi, marika yakishindana kutoa. Haikuwa paradiso, pesa zilisumbua kila wakati. Lakini wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako, na watu walikuwa wamechoka kuazima. Serikali ya mkoloni ilikifunga mwaka 1952, hali ya hatari ilipotangazwa. Shule ya Jeanes nayo iligeuka chuo cha kufunza maafisa wa serikali, na hadi leo pale Lower Kabete pana Kenya School of Government.

Nilimsimulia rafiki yangu haya yote siku ya mwisho ya kutuma ombi. Akaniangalia kama mtu mwenye kodi ya nyumba. "Historia poa, lakini mimi nifanye nini? Nikose?"

Swali la haki. Mkono mtupu haulambwi, na mimi siwezi kumlipia utafiti. Tukakaa chini tukafanya kitu kidogo. Ujasiriamali ukabaki kwenye kichwa, lakini kwenye dodoso tukarudisha swali la karo, na tukaongeza nafasi ambayo mwanafunzi ataandika swali ambalo yeye angependa litafitiwe.

Alituma saa tano na dakika hamsini usiku. Jibu bado. Akipata hizo pesa, ameniahidi mimi ndiye nitakuwa wa kwanza kujaza dodoso. Swali langu nimeshaliandika.