Mlazo wa Herufi na Mwendo wa Kalamu

Herufi ya mlazo ilianza maisha yake katika kuutumikia ushairi. Mwaka 1501, mjini Venice, mchapaji Aldus Manutius alitoa mashairi ya Virgil katika kitabu kidogo cha kushikika mkononi, kilichopigwa chapa kwa herufi zilizochongwa na Francesco Griffo. Herufi hizo hazikuwa zimeinamishwa tu. Zilifuata mwandiko wa haraka wa wanazuoni wa Italia, na mlazo wake ulikuwa ni mwendo wa mkono uliojua uendako.

Karne tatu baadaye, mjini London, ikazuka herufi ya tabia nyingine. Vincent Figgins na wachongaji wenziwe walitoa herufi nene zenye visigino vya mraba, yaani vile vikato vya mwisho wa mistari ya herufi vilifanywa vizito kama matofali. Zilikusudiwa matangazo na mabango, zisomwe na mpita njia kwa mbali, na watu wakaja kuziita za Kimisri. Kalamu haikuwa na fungu humo; unene ulikuwa karibu sawa kila upande. Ulipohitajiwa mlazo, mara nyingi zile zilizosimama ziliinamishwa tu. Lakini nguzo iliyoinama haiwi kwa hilo mtu anayetembea.

Miongoni mwa waliopatanisha mambo hayo mawili ni Peter Matthias Noordzij wa Uholanzi. Baba yake, Gerrit Noordzij, alifundisha katika chuo cha sanaa cha The Hague, akishikilia kwamba umbo la herufi hutokana na kalamu: upana wa ncha yake na upande inakoelekezwa. Mwana aliianza kazi yake katika miaka ya 1980, na kampuni ya Linotype ikaitoa kwa jina la PMN Caecilia. Visigino vyake ni vya mraba, lakini mlazo wake ni mwandiko wa kweli: herufi zimepungua upana, mwinamo ni wa kadiri, na "a" ni ya tumbo moja, kama tuiandikavyo kwa mkono.

Kindle ya kwanza ilipotoka mwaka 2007, hiyo ndiyo herufi iliyochaguliwa kusomewa vitabu. Kioo cha wakati ule kilikuwa cha rangi ya kijivu, na mistari myembamba ilififia. Caecilia, yenye unene usiopishana sana na visigino imara, ilistahimili. Mwaka 2015 Bookerly ikaanza kushika nafasi yake.

Sisi wa pwani jambo hili latuhusu. Tenzi zetu za kale zilinakiliwa kwa hati za Kiarabu, kwa kalamu ya tete iliyokatwa ncha, na unene wa kila mstari ulionyesha mkono ulikopitia. Zilipohamia herufi za Kirumi na mitambo ya chapa, mkono ule ulitoweka ukurasani. Leo kompyuta isiyopewa mlazo wa kweli huinamisha zile zilizosimama, na diwani nyingine hutoka hivyo hivyo. Mhariri na atazame "a" zake kabla ya kupeleka kitabu mtamboni. Mshairi aliyepima kila mizani anastahiki herufi iliyoandikwa, si iliyosukumwa.