Damu Iliyopotea Pasipo Kuonekana

Katika Vita Kuu ya Kwanza, 1914–1918, madaktari walistaajabishwa na askari waliopondwa mapaja kwa makombora. Damu iliyomwagika nje ilikuwa kidogo. Lakini baada ya saa chache majeruhi alipoa mwili, akatokwa na jasho la baridi, mapigo ya mshipa yakafifia, akafa. Hali hiyo iliitwa mshtuko, jina linalopotosha, kwani si hofu iliyowaua. Walter Cannon wa Marekani na William Bayliss wa Uingereza walidhani kwamba nyama iliyopondwa hutoa sumu inayoilegeza mishipa ya damu.

Alfred Blalock, wa Chuo Kikuu cha Vanderbilt mjini Nashville, hakuridhika. Aliwapa mbwa dawa ya usingizi, akaponda mguu mmoja wa nyuma, na walipokufa akapima uzito wa pande zote mbili. Ni kazi isiyopendeza kuisimulia, wala mbwa hawakuulizwa. Lakini hakupima mguu peke yake, bali pamoja na sehemu za juu yake ambako uvimbe ulikuwa umepanda. Na mizani ikasema. Upande ulioumizwa ulikuwa mzito zaidi, na ziada ile ilikuwa damu na majimaji yake, yaliyovuja kutoka mishipani yakajificha ndani ya nyama. Ilitosha kumwua mnyama, pasipo haja ya sumu. Makala ya Blalock yalitoka mwaka 1930. Maana yake kwa tabibu ni dhahiri: majeruhi wa namna hii arudishiwe kilichopungua mishipani. Katika Vita Kuu ya Pili askari wengi waliokolewa kwa damu na utegili wake.

Februari 1930 Blalock alimwajiri Vivien Thomas, kijana Mmarekani Mweusi wa miaka 19, fundi seremala aliyekuwa akiweka akiba asomee udaktari. Mwaka huo huo benki ikafilisika, na akiba ikapotea. Thomas alijifunza kupasua, kupima na kuandika hesabu, akaendeleza majaribio ya mshtuko kwa miaka kumi. Katika daftari za chuo aliandikwa mfagizi, na kulipwa kama mfagizi. Makala yalipochapwa, aghalabu jina lake halikuwamo.

Mwaka 1976 Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, alikohamia pamoja na Blalock mwaka 1941, kilimtunukia udaktari wa heshima. Ulikuwa udaktari wa sheria.