Aliyeripoti Maiti Akageuzwa Muuaji

Wasee, tuache kumsingizia Charles Lechmere. Alfajiri ya 31 Agosti 1888, akielekea kazini London, alikuta mwili wa Mary Ann Nichols barabarani. Akamsimamisha mpita njia, wakaenda pamoja wakamwambia polisi. Leo kuna watu wanadai yeye ndiye Jack the Ripper, yule muuaji ambaye hakuwahi kujulikana. Ati kwa nini alijiita Cross mbele ya mpelelezi wa vifo? Lakini Cross ni jina la baba yake wa kambo, na alitaja nyumbani kwake na kazini kwake bila kudanganya. Mtu anajificha hivyo kweli? Alilea watoto kibao, akafa 1920 bila kushtakiwa. Ukimgeuza shahidi kuwa mshukiwa, kesho nani ataripoti maiti? Watu watapita tu.