Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi

Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi, ambavyo wengi huviita FDC tu, ni vyuo vya serikali vya Tanzania Bara vinavyofundisha stadi za kazi na elimu ya watu wazima karibu na anapoishi mwanafunzi. Viko zaidi ya 50, na vingi viko mbali na miji mikubwa: Sikonge, Ifakara, Msinga kule Moshi, Bigwa pembeni ya Morogoro. Visichanganywe na vyuo vya maendeleo ya jamii, vinavyoandaa maofisa; majina yamefanana mno, na si mmoja wala wawili waliopeleka maombi siko.

Asili yake ni Denmark. Mchungaji N. F. S. Grundtvig alitaka mkulima apate pa kusomea pasipo mitihani, na chuo cha kwanza cha aina hiyo kikafunguliwa Rødding mwaka 1844. Sweden ikafuata mwaka 1868, na ni kwa Waswidi Mwalimu Nyerere alikochukua mfano. Vyuo vya Tanzania vilianza mwaka 1975 kwa msaada wa Sweden. Kampeni za kisomo zilikuwa zimepamba moto, na aliyekwisha kujua kusoma alihitaji pa kuendelea. Utaratibu wa mwanzo ulikuwa kijiji kumchagua mtu wake, kumpeleka chuoni, na kumpokea arudipo na ujuzi wake. Leo mwanafunzi hujichagulia fani, na akimaliza huenda kwenye wateja.

Mabadiliko hayo ndiyo yaliyovisogeza vyuo kwenye biashara za jirani. Ushonaji, uashi, useremala, umeme wa majumbani, ufundi magari, mapishi: fani hizi hazingoji kiwanda kijengwe. Katika karakana ya useremala tofauti huonekana upesi. Mwanafunzi anayeranda ubao wa mazoezi huurudia akikosea; anayeunganisha dawati la oda anajua kuwa ubao ulioharibika una bei yake, na mwenye oda atalitikisa kabla ya kulipa. Hapo ndipo chuo kinapofundisha biashara, hata kama ratiba inasema useremala. Ila oda za chuo zina mwiba wake: fundi wa mtaani hulipa vibarua na pango, kwa hiyo chuo kikishusha bei mno kitamnyang'anya mkate mtu yuleyule kilichopaswa kumwinua.

Vyuo hivi hutoa kozi fupi zao wenyewe pamoja na kozi za mfumo wa VETA, mamlaka ya ufundi stadi iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994. Waajiri huchangia mafunzo ya taifa kupitia tozo ya kuendeleza ujuzi, inayokokotolewa kwenye jumla ya mishahara wanayolipa, mfanyakazi hakatwi. Wamelalamika miaka mingi kwamba sehemu kubwa ya fedha hizo haifiki kwenye ufundi.

Kwa biashara ndogo, huenda lenye manufaa ya haraka zaidi ni urasimishaji wa ujuzi, unaosimamiwa na VETA. Fundi aliyejifunzia gereji chini ya mwembe, anayesikiliza injini na kujua ugonjwa wake kabla hajafungua boneti, hupimwa akiwa kazini, huelekezwa penye upungufu, kisha hupewa cheti. Mikono ni ileile, lakini sasa ana karatasi ya kuonyesha anapoomba zabuni au ajira. Uanagenzi nao huanzia upande wa pili: kijana hugawa muda wake kati ya darasa na karakana ya mwajiri.

Vyuo vya wananchi vimewapokea pia wasichana walioacha shule kwa ujauzito, hasa kupitia mpango wa Elimu Haina Mwisho unaoendeshwa na shirika la Karibu Tanzania. Serikali iliruhusu wanafunzi wa aina hiyo warudi katika shule za kawaida mwezi Novemba 2021, lakini vyuo vina kitu ambacho shule hizo kwa kawaida hazina: chumba cha kulelea watoto. Mama hushona darasani, kengele ya mapumziko ikilia huenda kunyonyesha, kisha hurudi kwenye cherehani yake.