Tuzo za mwisho wa msimu FPL: Nani anapata nini, na mnahesabuje?

Moshi. Ligi Kuu ya England ikifika raundi ya 38 mwezi Mei, vijiwe vya mpira kuanzia Moshi mjini hadi Marangu huko juu vinakuwa na swali jingine: nani bingwa wa FPL, na hela ya zawadi iko kwa nani?

FPL ni nini?

Fantasy Premier League ni mchezo wa bure wa mtandaoni ulioanza msimu wa 2002/03. Unapewa pauni milioni 100 za kufikirika, unasajili wachezaji 15, wasiozidi watatu kutoka klabu moja (idadi hiyo ilikuwepo kwa miaka mingi). Wanachofanya uwanjani kinakuwa pointi zako, na za kapteni zinazidishwa mara mbili.

Msimu wa 2024/25, Mohamed Salah wa Liverpool alivuna pointi 344, rekodi ya mchezo huo. Aliyemuacha nje ya kikosi anajua alichokipata.

Tuzo zinazotolewa sana

• Bingwa wa msimu: mwenye pointi nyingi baada ya raundi 38.

• Bingwa wa mwezi: msimamo wa ligi unaweza kuangaliwa mwezi kwa mwezi, Agosti hadi Mei. Hii inawapa moyo walioachwa mbali mapema.

• Wiki bora: pointi nyingi zaidi katika raundi moja.

• Bingwa wa ana kwa ana: ligi ya aina hii ina ratiba. Ukimshinda mwenzako unapata pointi tatu, sare moja.

• Mkia: wa mwisho. Huyu hapewi kitu, yeye ndiye anayenunua soda.

Mkilingana pointi?

Kwenye ligi ya kawaida, aliyefanya usajili mara chache ndiye anakaa juu. Usajili wa Wildcard na Free Hit hauhesabiwi. Kwa hiyo kubadilisha wachezaji hovyo kila wiki kunaweza kukunyima ubingwa, mbali na kukatwa pointi nne kwa kila usajili wa ziada.

Wanaopanda mlima

Kwa wagumu na waongoza watalii, mtihani ni muda. Dirisha hufungwa dakika 90 kabla ya mechi ya kwanza ya raundi. Mechi ya Jumamosi ya mapema ikianza saa 9:30 alasiri kwa saa zetu, mwisho ni saa 8:00 mchana. Waingereza wakiwa kwenye saa zao za kiangazi, kila kitu kinarudi nyuma kwa saa moja.

Safari ya mlimani inaweza kula siku tano hadi nane. Agosti 2022, TTCL ilizindua intaneti ya kasi Horombo, mita 3,720 juu ya usawa wa bahari, ila usitegemee mtandao kila kambi. Panga kikosi na benchi kabla ya kupita geti. Asiyecheza hubadilishwa na wa benchi, na kapteni asipogusa mpira, msaidizi wake anachukua nafasi.

Hela igawanywe vipi?

Mfano: watu 20 wakichanga Sh10,000 kila mmoja, mnapata Sh200,000. Bingwa Sh80,000, wa pili Sh40,000, wa tatu Sh20,000, mabingwa wa mwezi 10 Sh5,000 kila mmoja, wiki bora Sh10,000. Imeisha, hakuna chenji.

Ugomvi mwingi unazuilika Agosti. Andikeni mgawanyo kwenye grupu la WhatsApp kabla ya raundi ya kwanza, anayetunza hela atajwe mbele ya wote, na kila anayetuma kwa simu aweke ujumbe wa muamala hapo hapo. Asiyelipa hadi tarehe mliyokubaliana acheze, lakini asihesabiwe kwenye zawadi.

La mwisho: pigeni picha ya skrini ya msimamo mara tu pointi za raundi ya 38 zikithibitishwa. Mchezo ukifunguliwa kwa msimu mpya, msimamo wa zamani unafutika, na bila picha hapo itabaki neno la mtu dhidi ya mwingine.