Ma-DJ wakongwe wa Tunduma: Kutoka wafalme wa usiku hadi kudai nauli

Kijana wa leo akisikia DJ analalamika njaa anaona ni utani. Lakini kuna kipindi Tunduma DJ ndiye alikuwa bosi wa usiku.

Mji wenyewe umekuzwa na njia. Barabara ya Zambia inapita hapo, ikaja na reli ya TAZARA, iliyojengwa kuanzia 1970 na kuanza kazi rasmi 1976. Ng'ambo ni Nakonde. Madereva wa malori walikuwa wanalala wakisubiri karatasi za forodha, na mtu aliyelala ugenini na posho mfukoni hutafuta muziki.

Muziki wenyewe ulikuwa kwa nani? Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990 Bara ilikuwa na redio moja tu, RTD. Mwenye santuri na kaseti za Kinshasa, Lusaka au Marekani ndiye mwenye ngoma. Ukizitaka unalipa kiingilio, hata kama ni disko vumbi la jenereta na maturubai. Heshima ya DJ ilitoka hapo: mali ilikuwa yake.

Mali hiyo ikayeyuka taratibu. Zikaja redio binafsi, CD, flashi, halafu simu. Amapiano ikitoka Johannesburg asubuhi, jioni bodaboda wa Tunduma anayo. Kiingilio kikafa, malipo ya DJ yakahamia kwenye mauzo ya bia. Watu wakinywa kidogo, anakatwa. Mkataba hakuna, spika ikiungua ni juu yake. Na pembeni kuna dogo mwenye laptopu ya kuazima, yuko tayari kupiga bure ili ajulikane tu.

Dar baadhi walipata pa kutokea: Clouds FM, iliyoanza 1999, ilitokana na disko. Mpakani ngazi hiyo haikuwepo. Na mpaka ukiyumba, usiku nao unayumba. Mei 2020 Zambia ilipofunga Nakonde kwa muda sababu ya korona, pesa ya malori ilisimama.

Kwa hiyo mkongwe anayehamia kwenye harusi na sendofu za Vwawa na Mlowo hajachuja. Huko analipwa advansi kabla ya kufunga spika, na umri wake ni mtaji: anajua wimbo upi utamwinua bibi na upi utamwinua mjukuu.

Swali libaki kwa wenye klabu: ngoma kila mtu anazo, je, wa kuzipanga mnamlipa nini?